Ngata iko wapi?

Chumba changu cha kuchorea kiko Pasua, mjini Moshi, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Dirisha ni moja na linatazama mashariki, kwa hiyo rangi nazishika kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne. Baada ya hapo bati linawaka, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nayo imeshajifunika mawingu. Mchana nawamba vitambaa: marekani juu ya fremu ya mbao, naipaka gundi ya seremala, kisha rangi nyeupe ya ukuta, nasugua kwa msasa, narudia mara tatu.

Wiki hii nimemaliza oda ya duka moja la watalii. Picha sita, zote twiga wawili chini ya mlima, jua linazama. Nimezichora kwa uangalifu, maana kodi ya chumba inatoka humo. Ila usingizi naunyimwa na ya saba: wanawake watatu wanashuka Machame alfajiri, wamebeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni.

Machame ndiko alikozaliwa mchoraji Sam Ntiro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi Makerere kufundisha. Baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege, pombe ya ndizi, usiku, na picha hiyo leo ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Mimi nimeiona kwenye simu tu. Naikuza kwa vidole mpaka inapasuka vipande vya mraba, bado naitazama. Mtu anafundisha Kampala, amezungukwa na migomba ya Waganda, na bado anachora mzigo wa kwao, njia ya kwao, giza la kwao! Watu wake wana shughuli, hawajasimama kutazamwa.

Kihamba, shamba la migomba na kahawa la Wachaga, ni kigumu kuchora. Kijani cha kwenye tyubu kikipakwa peke yake kinafanana na ndoo ya plastiki. Nachanganya njano na nyeusi kidogo, napata kijani kizito cha chini, kule kwenye kahawa na magimbi ambako mwanga unafika umechoka. Jani la juu la mgomba nalipaka mwishoni, njano nyingi, kwa mkono mmoja bila kurudia. Nikirudia linakufa.

Jumapili nilipanda kumsalimia bibi. Baada ya shikamoo na chai nikamwonyesha ile picha yangu ya saba kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na mlango.

"Hawa ni wa kwetu, mama," akasema. "Lakini ngata iko wapi?"

Nilikuwa nimeiweka mikungu juu ya vichwa vitupu. Akatoka nje, akavuta majani makavu ya mgomba, akayasokota mara mbili tatu, akachomeka ncha ndani, akaniwekea kichwani. Akanipa na mkungu. Shingo ilijipanga yenyewe, kidevu kikarudi nyuma, mkono wa kushoto ukajua pa kukaa.

Ngata ile iko hapa mezani, karibu na brashi. Leo asubuhi nimezipaka nyeupe zile shingo tatu, na kesho mwanga ukiingia nitaanza na yule wa mbele.