Utando wa Buibui

Mwaka 2008 kikundi chetu cha ngoma pale Bagamoyo kiliamua kutoa wimbo wa roki. Nasema kiliamua, ila mimi nilikataa mpaka dakika ya mwisho. Nilikuwa napiga ilimba, ile marimba kubwa ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na niliona wazi kwamba gitaa la umeme likiingia, mimi nitabaki kubeba vyombo. Kiongozi wetu akanifunga mdomo na Tanga. Black Star, kile kikundi cha huko, walitia magitaa kwenye taarabu zamani zile, akasema, taarabu ikafa?

Tulirekodi kwenye kijichumba nyuma ya duka la simu, kuta zimebandikwa trei za mayai. Feni ilizimwa isije ikasikika. Watu sita, mchana wa joto la pwani. Nadhani unapata picha.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa sauti. Kuna sauti moja ya Kigogo ambayo hukaa chini kidogo ya ile ya gitaa. Si kosa, ndivyo Wagogo wanavyoimba. Prodyuza akataka nipandishe, nami nikausukuma ujiti wa chuma kwa ndani kama alivyotaka. Tukasikika kama watoto wa chekechea. Aliyeniokoa ni mpiga gitaa mwenyewe, kijana wa Magomeni ambaye nilikuwa nimejiandaa kumchukia. “Rudisha, kaka,” akasema, akalegeza uzi wake mmoja mpaka ukanifuata.

Halafu ukaja mkoromo. Sanduku la ilimba lina kitundu, na juu yake hubandikwa utando mweupe, ule ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Ukipiga, utando unatetemeka, kila sauti inatoka na mkwaruzo wake. Prodyuza akavua hedifoni.

“Kaka, chombo chako kinakoroma. Watu watadhani spika zao zimepasuka.”

Nikaubandua kwa ukucha. Hadi leo sijui kwa nini nilitii upesi hivyo. Ilimba ikatoka safi, safi kama maji ya kuchemsha. Zamu ya gitaa ilipofika, kijana akakanyaga pedeli, chumba kizima kikakoroma, na prodyuza yuleyule akaruka juu ya kiti: “Hapo sasa! Hiyo ndiyo roki!”

Jioni nilimpelekea wimbo mwalimu wangu, mzee wa Kigogo aliyehamia Bagamoyo enzi za Hukwe Zawose, yule aliyeifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya kabla hajafariki mwaka 2003. Nilitegemea atalilaani gitaa, na kusema kweli nilitamani alilaani. Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

“Hili gitaa mmelifunga utando?”

“Hapana, babu. Ni pedeli, ya umeme.”

“Aa.” Akanyamaza kidogo. “Na ilimba inaumwa nini?”

Usiku ule nilizunguka magofu ya mji mkongwe na tochi ya simu, nikimulika kuta moja baada ya nyingine. Popo tele, utando hamna. Asubuhi nikarudi kuomba turekodi upya sehemu yangu, nikaanza kwa kupitia msalani kwanza.

Nilipopiga, prodyuza akashtuka. “Mkoromo umeutoa wapi tena?”

“Nyuma ya mlango wa choo chako.”