Zima zile picha za samaki kwenye sona

Wenye boti ndogo, kama sona yenu (mashine ya kutafuta samaki kwa sauti) inapoteza picha ya sakafu ya bahari kila mkiongeza mwendo, msikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi tatizo ni viputo vya hewa vinavyopita chini ya transdusa, kile kifaa kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake. Ifunge nyuma ya boti, mbali na propela, uso wake ushuke kama milimita 3 chini ya bodi. Waya wa umeme uende moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake. Ukiufunga pamoja na nyaya za injini, skrini inajaa chengachenga.

Halafu zima zile picha za samaki ambazo sona inaweka kwenye skrini badala ya mwangwi. Mashine inabahatisha tu, hata mwani unaoelea inaupa mkia! Soma mwangwi wenyewe. Pandisha usikivu mpaka chenga zianze kuonekana, kisha rudisha kidogo. Boti ikitembea, samaki aliyekatiza katikati ya mwale wa sauti huchora upinde. Ikisimama, samaki aliyetulia chini yako huchora mstari mrefu. Mwale wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10, unafunika upana wa mita 3.5 tu. Na kilichoko ukingo wa kulia wa skrini ndicho cha sasa hivi. Vingine vyote vimeshapita.