Mwezi kumi na sita, maji yamekupwa saa tano

Tanga, mwezi 16, bamvua

Leo maji yamekupwa kwenye saa 5 asubuhi. Mtu wa Sahare au Mwambani hashtuki, maana akishajua mwezi ni wa ngapi, yaani ni siku ya ngapi toka uonekane, saa ya kupwa ameshaipata bila kuuliza. Mgeni kutoka bara ndiye anayeshangaa ukimweleza kwamba huku kwetu siku za bamvua, yaani za maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa kati ya saa 4 na saa 6 kasorobo, asubuhi na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Hutakuta bamvua iliyokupwa saa 9 alasiri. Hakuna.

Sababu yake ni nzuri kuliko ajabu yenyewe. Bamvua huja pale jua na mwezi vinapoivuta bahari katika mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Nguvu ya jua katika kazi hii haifiki nusu ya ile ya mwezi, lakini zikishirikiana maji huenda mbali. Sasa, siku hizo mwezi ama umefuatana na jua ama umeelekeana nalo, kwa hiyo hauna budi kupita juu yetu karibu na saa 6, ya mchana au ya usiku. Maji nayo hayaupokei mwezi papo hapo. Kila ufuo wa dunia una kuchelewa kwake, kulikopangwa na vina na umbo la bahari, na kwa ufuo wetu ni kama saa 4 na ushei. Sita na nne ni kumi: maji hujaa saa 10, na saa sita kabla yake au baada yake ni kupwa. Maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, ni kinyume. Mwezi wa nusu, kwenye mwezi 7 au 8 na tena 22, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, kupwa kunaangukia saa 10 za alasiri na za alfajiri, na maji yenyewe hayaachi pwani tupu.

Wengi wamefundishwa kwamba kila siku huongezwa dakika 50. Hiyo ni wastani tu. Karibu na bamvua maji huchelewa dakika 40, pengine pungufu. Siku za maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Anayeanzia bamvua na kujumlisha 50 kila kukicha, siku ya nne ameshapotea nusu saa na zaidi, tena upande wa hatari: anadhani maji bado yanapwa kumbe yameshageuka. Jambo jingine linalowakosesha watu ni kudhani bamvua kubwa ni ya usiku ule mwezi ulipojaa. Siyo. Hufika siku moja au mbili baadaye, na kwa kuwa sisi tunaanza kuhesabu mwezi ukishaonekana, kubwa zaidi huwa mwezi 2 au 3, na mwezi 16 au 17. Katika mwaka mzima, zile za Machi na za Septemba hadi Oktoba ndizo zinazolamba kuta.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza roho.

Chukua bamvua ya mita 3 na sentimita 60 toka kupwa hadi kujaa, ambayo si kitu cha ajabu Tanga. Igawe mafungu 12, kila fungu sentimita 30. Maji hayapandi sawasawa kwa saa zote sita. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, maji ya muundi, na saa ya tatu ni sentimita 90, yaani sentimita moja na nusu kila dakika.

Mwangalie mama anayechokoa pweza ukingoni mwa mwamba. Kijiti chake kimo shimoni, pweza amekamata jiwe hataki kutoka, na macho yote yako pale. Miguuni pake hakuna kilichobadilika, au ni kidogo mno. Lakini kati ya mwamba na ufukwe kuna mkondo, na mkondo uko chini kuliko mwamba aliosimama. Huo ndio unaojaa kwanza. Yeye bado yuko pakavu, na njia ya kurudia imeshafika kiunoni, tena inakimbia. Anayesubiri miguu ilowe ndipo ageuke amechelewa.

Dalili ya kuitazama iko kwenye majani ya baharini, ndani ya mikondo na vidimbwi. Maji yakiwa yanapwa, majani hulala yakielekea kilindini. Maji yakisimama, nayo husimama wima yakiyumba bila mwelekeo. Yakianza kulala upande wa bara, ondoka, hata kama kikapu ni kitupu. Watoto wafundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kuchokoa. Ni dalili ambayo haihitaji saa wala simu, na haidanganyi hata siku upepo unapoyawahisha au kuyachelewesha maji tofauti na hesabu.

Kwa wenye vyombo hesabu ni nyingine. Chombo cha kukalafatiwa, yaani kuzibwa nafasi za mbao, na kupakwa deheni, mafuta ya kukinga mbao, hupandishwa maji yakiwa yamejaa kabisa siku ya bamvua, kikabaki kimekaa mchangani. Fundi ana siku mbili tatu. Akichelewesha, maji ya siku zinazofuata hayakifikii tena chombo, na mwenyewe atakaa karibu siku 14 akingoja bamvua nyingine ije kukinyanyua. Wategaji wa dema (mitego ya kusukwa) na jarife (nyavu za kutega), kwa upande wao, wanapenda maji mafu, kwa kuwa mkondo ni mpole na mitego haiburutwi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza: taa ya chombo haivuti dagaa kunapokuwa na mbalamwezi, ndiyo maana dagaa huadimika sokoni mwezi unapokuwa mpevu, na muuzaji hana kosa.

Kule Pangani, Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga linalozama bamvua ikijaa. Kasa bado wanapanda kutaga. Kasa hajui kwamba kisiwa kimeondoka, kwa hiyo mayai huchukuliwa na kufukiwa Ushongo, bara, yasije yakafunikwa na maji.

Chumvi nayo ni mtoto wa bamvua. Majaruba ya chumvi yamechimbwa nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki. Lango hufunguliwa bamvua ikija, maji yakaingia bwawa la kwanza, kisha lango hufungwa. Lita 1,000 za maji ya bahari zina kama kilo 35 za chumvi za kila aina, na ya kula ni kama kilo 27. Hizo nyingine ndizo zinazoharibu kazi ya asiyejua. Maji yakipungua hadi kama sehemu moja ya tano, jasi huanza kushuka, vijiwe vyeupe visivyo na ladha. Mwachie jasi bwawa lake, maji uyahamishie jaruba jingine. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, chumvi yenyewe inaanza: kwanza utando mwembamba juu ya maji unaometa kama vumbi la kioo, halafu chembe za pembe nne zinazozama zenyewe. Watu wengi hukosea mwisho wake. Wanaacha jaruba likauke kabisa, wakidhani wanapata zaidi. Maji machache yanayobaki yana magnesiamu, ni machungu, na yakikaukia ndani ya chumvi basi chumvi hiyo ni chungu na hulowa gunia likikaa ghalani. Yanamwagwa, ndipo chumvi inakwanguliwa. Na mvua moja ya vuli ikikukuta hujakwangua, wiki kadhaa za jua zimerudi kuwa maji.

Turudi juu, maana kuna jambo la mwezi ambalo tumelizoea hata hatulioni. Mwezi mwandamo wa Tanga hulala. Unakaa mbinguni kama ngalawa, ncha zote mbili juu. Kwa watu wa London mwezi huohuo, jioni hiyohiyo, umeegemea ubavu. Tanga iko digrii 5 tu kusini mwa ikweta, na hapa jua huzama karibu wima, halitelezi kwa mshazari. Mwezi mchanga uko juu ya pale jua lilipotua, kwa hiyo upande unaoangazwa ni wa chini. Kutua huko kwa wima ndiko pia kunakotunyima jioni ndefu: toka jua kuzama hadi giza kushika ni dakika ishirini na kitu.

Usiku na mchana kwetu vinakaribiana sana. Siku ndefu kuliko zote, ya Desemba, inaizidi siku fupi ya Juni kwa dakika 35 hivi tu, ndiyo maana kuhesabu saa kuanzia macheo kunatufaa, na kusingemfaa mtu wa nchi ambayo macheo yake huhama saa nne nzima katika mwaka. Ila saa zetu za ukutani haziko sawa kabisa na jua. Zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, ule unaopita Aden, na Tanga iko digrii 39. Kila digrii ni dakika 4. Kwa wastani, basi, jua letu liko utosini saa 6 na dakika 24, si saa 6 kamili.

Hili unaweza kulipima uani. Simika fimbo iliyonyooka ya mita 1, uihakikishe kwa timazi, maana fimbo iliyoinama kidogo tu huharibu kila kitu. Tia alama mwisho wa kivuli kila baada ya dakika 5, kuanzia saa 6 hadi saa 7. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli. Tarehe 21 Juni kitakuwa kama sentimita 54, kikielekea kusini. Tarehe 21 Desemba ni sentimita 33, kikielekea kaskazini. Katikati kuna siku mbili ambazo kivuli hakipo: moja kwenye tarehe 7 au 8 Machi, karibu saa 6 na dakika 35, nyingine kwenye tarehe 6 Oktoba, saa 6 na dakika 12. Saa hazilingani kwa sababu jua la Machi huchelewa na la Oktoba huwahi, kwa jinsi dunia inavyolizunguka. Dakika hizo ndoo iliyowekwa uani huangazwa hadi chini bila ukuta wake kutoa kivuli, na kisima kilichochimbwa wima huonyesha jua ndani ya maji.

Kesho ni mwezi 17. Maji yatasimama karibu dakika 40 baada ya saa ya leo, kwa hiyo anayekwenda mwambani awe ametia mguu saa 4, na saa 6 kasorobo awe ameuvuka mkondo kurudi.