Vumbi la machimbo ya mawe: kagua eneo wakati wa kiangazi

Tathmini ya vumbi mara nyingi huharibika kwa sababu ya tarehe ya ukaguzi. Ukienda Mukono, Uganda, mwezi wa Aprili udongo umelowa, migomba inang'aa, nawe utaandika kwamba vumbi ni dogo. Nenda Januari au Julai. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo kiangazi chake kirefu ndicho cha kupimia.

Upepo upimwe palepale. Karibu na Ziwa Victoria, upepo wa mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na usiku hugeuka, kwa hiyo takwimu za Entebbe hazitoshi kwa bonde lililo nyuma ya kilima. Simika kipimaupepo kwenye mlingoti wa mita 10. Hesabu saa ambazo kasi inapita mita 5 kwa sekunde katika siku ambazo mvua haifiki milimita 0.2. Hizo ndizo saa za hatari.

Kisha chora duara kuzunguka machimbo. Chembe zinazozidi maikromita 30 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huanguka ndani ya mita 100 hivi. Zile za 10 hadi 30 hufika mita 250 mpaka 500, na zilizo ndogo zaidi hupita kilomita 1. Waingereza huchukua mita 400 kwa mawe magumu, lakini nchi yao ina unyevu, na kwa Moroto, huko Karamoja, ni haki kuongeza. Ndani ya duara usihesabu nyumba na shule peke yake. Andika kila paa la mabati linalokinga maji ya kunywa, kila mkeka wa kuanikia kahawa, na umbali wake kutoka kwenye kresha, yaani mashine ya kuvunja mawe.

Vumbi lililopo kabla ya kazi kuanza linaswe kwa vyombo vya wazi vilivyoinuliwa mita 2 hivi, siku 30 kila kimoja. Gawanya miligramu kwa eneo la mdomo wa chombo, kisha kwa siku. Kiwango kinachoashiria kero kwa kawaida ni miligramu 200 kwa mita mraba kwa siku. Chombo kilichowekwa chini ya mti, karibu na jiko la kuni au tanuri la matofali, kitakudanganya.

Kosa linalowaumiza watu zaidi ni kuishia kwenye uzio wa machimbo. Tipa zinapita senta, yaani kijiji cha maduka, kwa barabara ya moramu, na mara nyingi hapo ndipo vumbi jingi linatoka. Fagia vumbi kwa ukanda wa sentimita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, uchekeche kwa chekecheo la maikromita 75, upate asilimia ya unga.

Mwombaji wa kibali cha machimbo akiahidi kuimwagia barabara maji, mpigie hesabu. Lita 2 kwa mita mraba kwa saa hupunguza takriban nusu ya vumbi. Barabara ya kilomita 2 yenye upana wa mita 6 inataka lita 24,000 kila saa, yaani boza la lita 10,000 zaidi ya mara mbili. Aandike kwenye ripoti maji hayo yatatoka kisima gani mwezi wa Februari.