Ngoma Ikilegea

Wapendwa katika Bwana,

Alhamisi jioni nilipita katika chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kile kilichoanzishwa mwaka 1981, nikawakuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakifanya mazoezi ya bugobogobo kwa ajili ya maonyesho watakayoyapeleka mikoani baada ya kuhitimu. Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma iliyozaliwa shambani, ambamo wachezaji hushika majembe na kuyarusha kwa pamoja. Kwa hiyo anayekosea hana pa kujificha, kwani jembe lake hubaki chini wakati mengine yako juu.

Binti mmoja wa mstari wa nyuma alichelewa mara tatu. Mara tatu mwalimu alisimamisha mazoezi, akamwonyesha pa kukanyaga, na binti akaitikia, "Sawa, mwalimu," huku jasho likimtiririka hadi kidevuni. Mara ya nne mwalimu hakumtazama yeye. Aliiendea ngoma kubwa, akaigandamiza ngozi kwa kidole gumba, ikabonyea. Upepo wa bahari ulikuwa umeilegeza, na mlio wa kuwaashiria wachezaji wabadili hatua haukuwa ukifika nyuma vizuri. Ngoma ikapelekwa kwenye moto wa makuti, ikageuzwa taratibu, maana ikisogezwa mno ngozi hupasuka. Na iliporudi ikilia kavu, binti yule hakuchelewa tena.

Nilikaa pale hadi giza likaingia, moyo ukinihukumu. Tunapomsoma Daudi akicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, mafundisho yetu huishia kwenye miguu ya mchezaji. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:8, anauliza habari ya mpigaji: baragumu ikitoa sauti isiyojulikana, ni nani atakayejiweka tayari kwa vita? Sisi wazee wa kanisa ndio tulioshika ngoma. Nayo ngozi hailegei kwa kuasi. Hulegea kwa kukaa tu penye upepo, siku baada ya siku, kama sala zetu zinavyofifia huku vikao vikiendelea na mahubiri yakiandaliwa.

Jumapili iliyopita nilimkemea kijana wa kwaya mbele ya wenzake kwa kuzembea ibada. Sikumwuliza amekuwa akisikia nini kutoka kwetu. Jumamosi, Mungu akipenda, nitakwenda nyumbani kwao, na nitamwomba msamaha kabla sijamwuliza lolote. Naomba mniombee.