Randa kwenye mizani ya misumari

Jana usiku mpwa wangu kanitumia picha mbili WhatsApp. Drili mbili za betri, zimewekwa juu ya kaunta ya kioo, na ujumbe wa sauti: "Anko, ipi? Fanya haraka, jamaa anataka kufunga duka." Moja imeandikwa 18V, nyingine 20V Max. Muuzaji kamwambia hiyo ya pili ina nguvu zaidi, si unaona namba yenyewe.

Nikamjibu habari ya namba kwanza, maana hiyo ni rahisi. Ndani ya betri za aina hiyo kuna seli zilizofungwa mfululizo, tano, kila moja ya volti 3.6. Zidisha, unapata 18. Betri ikiwa imetoka kwenye chaja sasa hivi na haijaanza kazi, ukiipima inasoma 20 au inazidi kidogo. Kampuni ya DeWalt wakiuza Marekani wanaandika 20V Max, wakiuza Ulaya familia hiyohiyo ya mashine wanaiandika 18V, na boksi la Marekani lina maandishi madogo yanayoeleza jambo hilo. Kwa hiyo uongo haupo. Ila kati ya kweli mbili imeshikwa ile yenye tarakimu kubwa.

Akanyamaza dakika mbili tatu, kisha akaandika: "Sasa kampuni ipi ndiyo haidanganyi?"

Swali hilo limeninyima usingizi, na wa kulaumiwa ni Baba Mkubwa.

Mwaka 2011 mnaukumbuka, mwaka wa mgao. Pale Keko, Dar es Salaam, mafundi tulikuwa tunalala mchana na kuamka usiku kuufuata umeme. Ukirudi saa nne za usiku, karakana zote zinanguruma kwa pamoja mpaka watoto wa jirani wanalia. Baba Mkubwa alikuwa na oda ya milango ya mninga, nyumba nzima, na mwenye nyumba alishatoa tarehe ya kuhamia. Randa yetu ya umeme ilikuwa mtumba kutoka Japani, ya volti 100, tukiitumia kwa transfoma nzito ya kubebwa na watu wawili. Usiku mmoja mtu akaichomeka ukutani moja kwa moja kwenye volti 230. Simtaji, bado tunasalimiana. Iliimba kwa sauti nyembamba, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kwa wiki moja tukaranda kwa mkono, na mninga mnaujua: nyuzi zinapishana, ukienda vizuri huku unachimba kule.

Basi asubuhi moja Baba Mkubwa akavaa kanzu yake ya kutokea, akaniambia twende Gerezani, kule kwenye maduka ya vifaa.

Duka lilikuwa la Mpemba mmoja, jembamba, limejaa maboksi mpaka darini. Mlangoni madumu ya misumari ya kila inchi, na juu ya kaunta mizani ya sahani mbili ya kupimia misumari hiyo, na mawe yake yamepangwa kwa ukubwa.

"Sheikh," Baba Mkubwa akaanza baada ya salamu ndefu za kuulizana nyumbani, "nataka randa ya umeme. Nina laki na kidogo."

Mpemba akapanda ngazi, akashusha boksi. Rangi ni ileile ya buluu inayoelekea kijani, ya Makita, kampuni ya Kijapani, na maandishi ni yaleyale. Modeli 1900B. Ndani mashine inang'aa, ufunguo wake, na kitabu cha maelezo cha lugha nyingi. Mimi moyo ulishadunda. Kwa kijana wa Keko wakati ule, kushika ile rangi ilikuwa kama kuvaa jezi ya timu yako.

Baba Mkubwa mashine hakuigusa. Alichukua kitabu, akakikunjua kwenye jedwali la vipimo, akakisogeza mbali na macho, kisha akanipa.

"Nisomee."

"Upana wa kuranda, milimita 82."

"Endelea."

"Mizunguko, elfu kumi na sita kwa dakika. Wati, 580. Uzito, kilo mbili nukta tano."

"Basi, simama hapo." Akamgeukia Mpemba. "Mizunguko siwezi kuihesabu, na wati sina cha kupimia. Uzito ninaweza. Nipe mizani."

Kulikuwa na wateja wawili, mmoja fundi bomba, akacheka wazi. Mpemba hakucheka. Alimtazama Baba Mkubwa kwa muda, kisha akapangusa sahani zote mbili kwa kitambaa, polepole, na nadhani alishajua yatakayotokea kuliko sisi. Akaweka jiwe la kilo mbili upande mmoja, akaongeza la nusu kilo. Baba Mkubwa akailaza randa upande wa pili. Waya akaukusanya na kuushika mkononi mwake juu, usiiongezee mashine uzito. Alisimama hivyo, mkono mmoja hewani umeshika kichwa cha waya chenye miguu mitatu, kanzu imemteremka mpaka kwenye kiwiko.

Sahani ya mawe ilishuka ikagonga kaunta. Randa ikabaki juu, inayumba.

Fundi bomba akasogea. "Labda mizani, mzee."

Baba Mkubwa hakumjibu. Kwa mkono uliobaki alichota konzi ya misumari kwenye dumu la karibu, ya inchi tatu, akaimimina taratibu kando ya randa. Haikutosha. Akachota konzi ya pili. Sahani ikatikisika lakini haikuondoka. Misumari ilikuwa inateleza na kudondoka sakafuni, naye anaifuata mmojammoja kwa macho bila kuinama, kwa sababu waya bado kaushika. Nikainama mimi. Kutoka huko chini nikasikia konzi nyingine ikimiminwa, kisha kimya, na nilipoinuka sahani mbili zilikuwa zinapumua usawa mmoja.

Akaikusanya ile misumari yote, akaifanya kichuguu juu ya kaunta mbele ya Mpemba.

"Sheikh, hii ndiyo shaba isiyomo."

Alikuwa sahihi, ingawa wakati ule nilidhani ni maneno ya mzee tu. Moyo wa mashine ya umeme ni waya wa shaba uliosukwa kwenye amecha, ile sehemu inayozunguka, na kwenye koili zilizo pembeni yake. Anayeghushi hubana hapohapo: anapunguza waya, au anatia wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba, na aluminiamu uzito wake haufiki hata theluthi ya shaba. Nje wanaiga kila kitu. Na kwa kuwa wanaiga kila kitu, wameiga na kitabu, hawakukumbuka kubadilisha uzito. Kitabu chake chenyewe ndicho kilichomshtaki.

Nilitegemea ugomvi. Baba Mkubwa aliuliza kwa upole unaotisha: "Mbona umeniwekea hii?"

"Mzee wangu, uliniambia una laki na kidogo," Mpemba akasema. "Umeniuliza bei. Asili hukuniuliza."

"Na ningeinunua?"

"Ungeinunua. Na ungerudi. Na mimi ningekuwa hapahapa."

Mpaka leo sijui yule bwana nimweke fungu gani. Hakusema hata neno moja la uongo mbele yangu. Alisogeza pembeni lile boksi, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na jingine la rangi ileile, akalifungua bila kuombwa, akaiweka randa kwenye mizani mwenyewe na waya akaushika mwenyewe. Mawe yaleyale, kilo mbili na nusu. Sahani zikakaa sawa bila msumari hata mmoja. "Hii ya kwao," akasema. Bei yake ilikuwa laki mbili na thelathini. Baba Mkubwa aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye bamba la chini, akairudisha kwa heshima kama anamrudishia mtu mtoto wake.

Kisha akaonyesha boksi jingine lililokuwa chini kabisa, la rangi ya chungwa, jina ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Mchina, kajitaja Mchina, boksi limeandikwa nchi wazi kwa herufi kubwa. Kitabu chake kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa. Kilo 2.8. Wakaipima: 2.8, sawasawa.

"Bei?"

"Laki na kumi."

"Nipe huyu," Baba Mkubwa akasema. "Huyu hajajiita mtoto wa mtu."

Njiani kwenye daladala alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Akanifundisha mpaka Keko: kampuni itazame kwenye jambo ambalo haitarajii uliangalie. Injini kila mtu anauliza, uzito nani anapima? Anayesema kweli pasipo na shahidi, mpe pesa yako.

Milango tuliimaliza. Ile ya chungwa ilipiga kelele sana na mikono ilikufa ganzi, lakini iliranda.

Kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha, zilipokwisha nikatumwa Gerezani. Mpemba akatikisa kichwa: jina lile haliji tena, mzigo umeanza kuja kwa jina jingine, rangi nyingine, na kaboni za umbo jingine. Baba Mkubwa akachukua kaboni kubwa za mashine nyingine akazisugua kwenye msasa mpaka zikaingia. Tukaenda hivyo kwa muda, cheche zikiruka. Beringi ikafuata, tukaitafutia inayofanana. Mwisho amecha ikaungua, na fundi wa kuwaindi, yaani wa kusuka waya upya, alipoifungua akatuambia gharama yake inakaribia bei ya randa mpya ya aina hiyo, ambayo hata hivyo haipo.

Uzito wake wakati huo ulikuwa bado 2.8, nina hakika. Haikuwahi kutudanganya. Ila kusema kweli siku ya kuuzwa ni jambo moja, na kuwepo siku ya kuharibika ni jingine, na mizani ya misumari, hiyo siku ya pili haiioni.

Jirani yetu wa karakana ya tatu alikuwa na ile ya laki mbili na thelathini. Kaboni zake ukizitaka unazipata hata duka lisilouza mashine. Nimesoma baadaye kwamba Makita walianza Nagoya mwaka 1915 wakiuza mota na kutengeneza zilizoharibika, na randa ya umeme waliileta 1958, wa kwanza Japani. Labda ndiyo maana. Mtu aliyeanza kwa kufungua mashine za wenzake anajua kitakachokufa kwanza. Au labda ni biashara tu, wameona kwamba spea zinalipa. Sitaki kuwapamba.

Na wengine nao nikawatazama, kwa sababu ya hilo swali la mpwa. Bosch, wa Stuttgart, Ujerumani, tangu 1886. Mwenyewe Robert Bosch anajulikana kwa kusema kwamba afadhali apoteze fedha kuliko imani ya watu, na leo takriban asilimia 94 ya mtaji wa kampuni iko mikononi mwa taasisi ya hisani yenye jina lake. Ukisoma hapo unataka kwenda kununua drili usiku huohuo. Ukiendelea kusoma unakuta mwaka 2019 kampuni hiyo ilitozwa faini ya euro milioni 90 na waendesha mashtaka wa Stuttgart, katika ile kashfa ya magari ya dizeli yaliyofichwa moshi wake. Drili haikuhusika, ni kweli. Lakini Baba Mkubwa angesema jambo lisilotarajiwa kuangaliwa ni hilohilo.

Kuna kitu kimoja nimekuwa nikikizungusha kichwani. Alipoweka ile randa ya chungwa kwenye mizani, mfukoni alikuwa na laki na ishirini, kumi ya nauli na chai. Mizani ilimchagulia, au mfuko ulishachagua na mizani ikaitwa kuwa shahidi? Angekuwa na laki tatu, sijui kama yule Mchina mkweli angetolewa chini kabisa ya lile rundo.

Niliwahi kumgusia. Ilikuwa Jumamosi, maana baada ya ile yetu kufa, kila Jumamosi nilitumwa kwa jirani kuazima ile ya Kijapani, na malipo yake ni kumpigia randa mbao zake mbili tatu kwanza. Siku hiyo nikairudisha nikiwa nimeipangusa, nikamkuta Baba Mkubwa anakunywa chai. Nikamwambia, Baba Mkubwa, tungejibana tu tukachukua ile ya pili.

"Ile haikuwa na kosa," akasema. "Mimi na ile hatukugombana."

"Sasa?"

"Sasa umeipangusa na chini kwenye bamba? Yule akiiona na maranda Jumamosi ijayo hatupi."