Tangi Likomae Kwanza: Nilivyozalisha Kamba Wadogo Nyumbani

Anayeliona tangi langu leo, lita 30 tu, likiwa na kamba wekundu wa kila umri, swali lake la kwanza huwa ni chakula: unawalisha nini hata wakazaana hivi? Chakula kina nafasi yake, nami nitakifikia. Lakini kilichowafanya watoto wa kamba wangu waishi ni ukongwe wa tangi lenyewe. Jike kubeba mayai si kazi. Akiwa mzima na madume wapo, atabeba. Kazi ni watoto kuvuka zile wiki za mwanzo, na hapo ndipo wafugaji wengi hupoteza karibu uzao wote bila hata kujua kwamba ulikuwepo.

Ninaofuga ni Neocaridina davidi, kamba wadogo wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Niliwachagua kwa sababu nzito kuliko rangi yao: watoto hutoka kwenye yai wakiwa kamba kamili, miguu na masharubu mahali pake, ila urefu wao haufiki hata milimita 3. Hawapitii hatua ya buu anayeelea. Kamba wa Amano, Caridina multidentata, aliyepata umaarufu kupitia Takashi Amano wa Japani kwa sifa yake ya kula mwani, naye hubeba mayai vizuri kwenye maji baridi, ila mabuu wake hawakui bila maji yenye chumvi, na baadaye inabidi warudishwe kwenye maji baridi. Kwa anayetaka kuona vizazi vikifuatana ndani ya tangi moja dogo, Neocaridina ndiye kamba wake.

Ndani ya tangi niliweka mchanga mweusi, kipande cha mti kilicholowekwa hadi kikazama chenyewe, mosi ya Java (mmea mdogo laini wa majini) kwa wingi, na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Sponji niliitaka kwa makusudi. Filta yenye mota, hata iwe ndogo namna gani, humvuta mtoto wa kamba akapotelea ndani, lakini kwenye sponji hana pa kuingia. Isitoshe, sponji nzima hugeuka kuwa malisho. Nimekaa na kioo cha kukuza nikawatazama wakiichambua: miguu minne ya mbele ina vikoleo vidogo vyenye vinywele nchani, na vikoleo hivyo hupokezana kukwangua na kupeleka mdomoni, kukwangua na kupeleka, bila kupumzika.

Kisha nikaliacha tangi liende bila kamba. Nilidondosha punje chache za chakula cha samaki ili kioze na kutoa amonia, maana bakteria ninaowahitaji huishi kwa hiyo. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kali kwa kamba hata zikiwa kidogo. Nitrati huvumilika, nami naiweka chini ya miligramu 20 kwa lita. Kwa kawaida bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Vipimo vya matone vilipoonyesha sifuri kwa amonia na nitriti, maji yalikuwa tayari. Tangi bado.

Kilichobaki ni utando. Ukipitisha kidole kwenye mti au kioo kilichokaa muda mrefu ndani ya maji, unahisi ute mwembamba. Huo ni mchanganyiko wa bakteria, mwani, kuvu na viumbe wengine wasioonekana kwa macho, na ndio ziwa la mama kwa mtoto wa kamba. Kamba mkubwa akisikia harufu ya chakula upande wa pili wa tangi, atakwenda. Mtoto haendi. Anakula pale alipo, kwa hiyo kila anapokanyaga panatakiwa pawe na kitu. Kwenye tangi jipya linalong'aa, watoto huanguliwa salama, wakafa njaa kimyakimya katikati ya chakula kilichorundikwa kona moja. Ndiyo maana nilisubiri hadi kioo cha nyuma kikawa kijani na mosi ikashika ukungu wa kahawia, ndipo nikaingiza kamba. Kioo cha mbele nasafisha ili nione. Cha nyuma na vya pembeni sivigusi.

Jani kavu la mti wa mkungu limenisaidia sana katika hili. Naokota yaliyokwisha kuanguka na kukauka mbali na barabara na dawa za shambani, naosha, namwagia maji ya moto, kisha naweka moja. Maji hupata wekundu kidogo kama wa chai, hilo halina madhara. Baada ya wiki kadhaa jani hulainika, likafunikwa na utando, na watoto hujazana chini yake hadi kinabaki kiunzi cha mishipa tu.

Kuhusu maji yenyewe, joto nalishikilia kwenye nyuzi 22 hadi 24, pH (kipimo cha uasidi wa maji) karibu 7 na nusu, ugumu wa jumla, yaani wingi wa madini ya kalisi na magnesi ndani ya maji, digrii 6 hadi 8. Kamba hawa wanastahimili zaidi ya hapo pande zote mbili, hivyo sioni haja ya mtu kuhangaika kufikisha pH yake kwenye namba yangu. Wasichostahimili ni mabadiliko ya ghafla. Kila wiki natoa kama sehemu moja ya kumi ya maji, na mapya, yaliyokwisha kuondolewa klorini, nayarudisha kwa mpira mwembamba niliofunga fundo ili yaingie tone kwa tone. Kamba wageni nawazoeza kwa njia hiyo hiyo ndani ya bakuli, kwa saa mbili hivi, kabla hawajaingia.

Sababu iko kwenye gamba. Kamba hakui bila kujivua gamba. Mkubwa hujivua takriban kila baada ya wiki 3 au 4, watoto mara nyingi zaidi. Siku yenyewe hutulia mahali, hajali chakula, kisha gamba linapasuka nyuma ya kichwa, anajikunja, anafyatuka, na kwa sekunde chache kuna kamba wawili: mmoja mlaini anayekimbilia mafichoni na mwingine mtupu, angavu, mwenye masharubu yote. Maji yakibadilika kwa kishindo, anaweza kulazimika kujivua kabla gamba jipya halijakamilika. Akikosa kalisi na magnesi za kutosha ndani ya maji, gamba linakatika vibaya. Unaona mstari mweupe umemzunguka katikati ya mwili, na mara nyingi haponi. Hiyo ndiyo kazi ya ugumu wa maji. Gamba lililovuliwa siliondoi, maana wenyewe hulila na kurudisha madini yake mwilini.

Kuzaliana nako kunaanzia hapo hapo. Jike aliyekomaa huonyesha doa la njano au la kijani mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Hayo ni mayai yakiwa bado kwenye ovari. Akishajivua gamba hutoa harufu majini, na madume yote ya tangi huanza kuogelea juu na chini kama yaliyochanganyikiwa. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani maji yameharibika. Mimi sasa nikiwaona natafuta tu jike yuko wapi. Punde mayai, kwa kawaida 20 hadi 30, huwa yamehamia chini ya tumbo, yameshikamana na vijiguu vya kuogelea.

Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Jike hatulii na mayai yale: anayapepea kwa vijiguu ili yapate hewa safi, mara anainua mguu wa nyuma na kuyageuza, na lililoharibika analitoa. Mayai huanza yakiwa na rangi ya lile doa, kisha hupungua ukolezi, na siku za mwisho, ukimulika tochi kwa pembeni, unaona ndani ya kila yai vitone viwili vyeusi. Ni macho. Kwa joto langu, kuangua huchukua karibu mwezi; maji yakiwa ya moto zaidi ni haraka, yakiwa ya baridi zaidi hukawia. Jike anayebeba kwa mara ya kwanza huweza kuyadondosha baadhi au yote, na uzao unaofuata ukaenda sawa. Simhamishi kumtenga. Kumvua kwa wavu na kumbadilishia maji ni hatari kubwa kwake kuliko chochote kilichomo humo tangini, alimradi hamna samaki. Na samaki siweki, kwa kuwa hata wale wapole mdomo wao hutosha kummeza mtoto.

Chakula basi. Nawapa kidogo, siku moja nawapa na siku inayofuata nawaacha: kidonge cha kamba, au kipande cha spinachi kilichochemshwa kikalainika. Kisichomalizika baada ya saa mbili tatu nakitoa. Kukiwa na watoto wengi naongeza chakula cha unga kidogo sana ili kitawanyike kila mahali. Mabaki yakizidi huleta planaria, minyoo bapa wenye kichwa cha pembetatu wanaoteleza juu ya kioo, na haidra, viumbe vidogo vya majini vyenye minyiri ya kunasia, na wote hao huweza kula watoto.

Sumu inayoua tangi zima mara nyingi huingia kwa mkono wa mwenye nyumba. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na kwa kamba shaba ni kifo. Mimea mipya huweza kuwa na dawa ya wadudu, kwa hiyo yangu hukaa kwanza kwenye ndoo kwa majuma kadhaa, maji yakibadilishwa. Dawa ya kupuliza mbu sipulizi chumba kile kabisa, maana pampu huvuta hewa ile na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji.

Watoto hukomaa baada ya miezi 3 hivi, na kamba huishi mwaka mmoja hadi miwili, hivyo kundi hujaa upesi na kazi ya kuchagua rangi inaanza. Asili yao huko mashariki mwa China na Taiwan ni kamba wa kahawia au kijani hafifu. Wekundu ni kazi ya wafugaji. Ukichanganya wekundu, wa njano na wa bluu kwenye tangi moja, wajukuu hurudi kwenye ukahawia wa asili. Nafuga rangi moja, na waliofifia nawahamishia tangi jingine. Madume huwa mepesi wa rangi kuliko majike, kwa hiyo nalinganisha dume na dume. Mara chache naleta wachache kutoka kwa mfugaji mwingine ili damu isijirudie.

Wanaozidi nawagawa, na kamwe siwamwagi mtoni wala kwenye mfereji: kamba hawa wameshajenga makazi porini Ujerumani, Poland na Hawaii, mbali na kwao. Kwa safari nawatia kwenye mfuko wenye maji ya tangi lao, theluthi mbili ikiwa hewa, pamoja na kijifundo cha mosi cha kushikilia. Mosi hiyo namwambia anayepokea aiingize tangini kama ilivyo, bila kuisuuza, maana utando wake ni chakula chao cha siku za kwanza.